Elimu ya Lugha Mahakamani: Vyama vya Wataalamu na Haja ya Kiswahili

Mashahidi wanaoitwa mahakamani ni wa namna mbili. Wa kwanza hueleza aliyoyaona kwa macho yake au kuyasikia kwa masikio yake. Wa pili hakuwapo penye tukio, wala pengine hamjui mshitakiwa hata kwa sura, bali ameitwa kwa sababu ya elimu yake tu. Sheria za Ushahidi za Kenya na Tanzania, ambazo asili yake ni Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, zinamruhusu shahidi huyu wa pili kutoa maoni yake katika mambo ya elimu na ufundi, na zinataja waziwazi utambuzi wa mwandiko na wa alama za vidole. Elimu ya lugha haikutajwa kwa jina, lakini hapana shaka kwamba nayo inaweza kuingia kwa mlango huohuo wa elimu na ufundi.

Hapo ndipo linapozuka swali gumu. Hakimu humwita mtaalamu kwa kuwa yeye mwenyewe hana elimu ile. Basi atajuaje kama aliyesimama mbele yake ni mtaalamu wa kweli, au ni mtu mwenye maneno mengi na vyombo vya kung'aa? Katika nchi nyingi jibu limetafutwa katika vyama vya wataalamu. Marekani, mathalani, Chuo cha Marekani cha Sayansi za Uchunguzi wa Jinai kiliundwa mwaka 1948, kikawakusanya matabibu, wanakemia, wachunguzi wa hati na wengineo ili wasomane kazi zao na kukosoana. Wanaisimu walichelewa. Vyama vyao viwili vikubwa vya kimataifa vilizaliwa katika muongo wa mwisho wa karne iliyopita: kile cha Fonetiki ya Mahakama, kilichoanzishwa York, Uingereza, mwaka 1991, ambacho baadaye kiliongeza elimu ya akustiki katika jina lake, na kile cha Isimu ya Mahakama, kilichoanzishwa mwaka 1993, ambacho baadaye jina lake lilipanuliwa likataja na sheria. Jarida lao la pamoja lilianza kutolewa mwaka 1994, na tangu mwaka 2003 linaitwa Jarida la Kimataifa la Usemi, Lugha na Sheria.

Mtu aweza kudhani kuwa kazi ya vyama hivi ni kuwatafutia wanachama heshima na ajira. Historia yavyo yaonyesha jambo jingine. Faida yao kubwa imekuwa kuwawekea wataalamu mipaka, yaani kueleza yale ambayo mtaalamu wa lugha, hata awe hodari namna gani, hana haki ya kuyasema mbele ya hakimu. Mifano mitatu yatosha kulithibitisha hili: wa sauti, wa maelezo ya mshitakiwa, na wa asili ya msemaji. Huu wa tatu unawahusu Waswahili wenyewe.

Mwaka 1962 Lawrence Kersta, aliyefanya kazi katika maabara za Bell huko Marekani, alichapisha makala katika jarida la Nature akieleza kwamba spektrogramu, yaani picha inayochorwa na chombo kutokana na sauti, yaweza kumtambulisha msemaji kama vile alama za vidole zinavyomtambulisha mwenye vidole. Picha hiyo aliiita alama ya sauti. Jina lilipendeza, na baadhi ya mahakama za Marekani zikaupokea ushahidi huo. Lakini mfano wenyewe ulikuwa na kasoro kubwa. Alama ya kidole haibadiliki kwa furaha wala kwa hasira, ilhali sauti ya mtu mmoja hubadilika akiwa na mafua, akinong'ona, akipiga kelele, akizungumza na mkubwa wake au akisikika kwa simu mbovu. Mwaka 1979 kamati ya Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani, iliyokuwa imeombwa na FBI kulichungua jambo hili, ilionya kuwa usahihi wa njia ile haukuwa umethibitishwa katika hali mbalimbali zinazotokea katika kesi. Hatimaye, mwaka 2007, chama cha fonetiki kilipitisha azimio kwamba njia ya alama za sauti, kama ilivyoelezwa na kina Kersta, haina msingi wa kisayansi na haifai kutumiwa katika kesi.

Kanuni za chama hicho zinaendelea zaidi. Mwanachama asijaribu kupima kama msemaji ni mkweli au mwongo kwa kuisikiliza sauti yake, wala asichore tabia ya nafsi yake. Tena, awe na hadhari kubwa anapochungua usemi wa lugha isiyokuwa yake ya kuzaliwa. Kanuni hii ya mwisho yafaa ikumbukwe, maana itarudi hapa chini.

Mfano wa pili ni wa maneno yenyewe. Tarehe 28 Januari 1953 kijana Mwingereza, Derek Bentley, mwenye umri wa miaka 19, alinyongwa kwa sababu ya kuuawa kwa askari polisi katika mji wa Croydon. Aliyefyatua bastola alikuwa mwenziwe, na Bentley wakati huo alikwisha kukamatwa. Miongoni mwa ushahidi uliotolewa juu yake yalikuwamo maelezo ambayo polisi waliapa kuwa aliyatamka mwenyewe, nao wakayaandika bila ya kumwuliza maswali. Miaka mingi baadaye Malcolm Coulthard, aliyekuwa kiongozi wa kwanza wa chama cha isimu ya mahakama, aliyachungua maelezo hayo, akaliangalia neno moja dogo la Kiingereza lenye maana ya "kisha". Katika mazungumzo ya kawaida Mwingereza hulitanguliza neno hilo, akasema kama kwamba, "Kisha mimi nilikwenda." Katika maelezo ya Bentley mara nyingine lilifuata nyuma ya mtenda: "Mimi kisha nilikwenda." Mpango huu wa pili ulitokea mara moja katika kila maneno 190 hivi. Katika mkusanyo mkubwa wa Kiingereza cha kusemwa ulitokea mara moja tu katika maneno 165,000. Bali katika maelezo yaliyoandikwa na polisi wenyewe ulitokea mara moja katika kila maneno 119. Kwa hiyo lugha ya maelezo yale ilifanana na lugha ya kituo cha polisi kuliko lugha ya mtu wa kawaida.

Hukumu ya Bentley ilifutwa tarehe 30 Julai 1998. Hata hivyo yafaa isemwe kweli yote: Mahakama ya Rufani ilijisimamisha hasa juu ya makosa ya jaji alipowaelekeza wazee wa baraza, wala si juu ya neno "kisha". Thamani ya uchunguzi huu ni kwamba mtu mwingine aweza kuurudia, akahesabu maneno yaleyale, akakubali au akakataa. Jan Svartvik wa Sweden alikwisha kuonyesha njia hiyo mwaka 1968, alipochapisha uchunguzi wake wa maelezo ya Timothy Evans, aliyenyongwa mwaka 1950 na kusamehewa baada ya kufa mwaka 1966. Naye hakusema zaidi ya yale ambayo sampuli yake ndogo iliweza kuyabeba.

Mfano wa tatu ni wa asili ya msemaji. Tangu miaka ya 1990 serikali kadhaa za Ulaya zimekuwa zikiwapima kwa lugha watu wanaoomba hifadhi ya ukimbizi bila ya hati. Mwombaji huhojiwa, mara nyingi kwa simu, usemi wake hurekodiwa, na mchunguzi hutoa maoni kama mtu huyu kweli ametoka nchi aliyoitaja. Miongoni mwa waliopimwa hivi ni Wabajuni, wasemaji wa lahaja ya Kiswahili ya kaskazini, ambao wengi wao walikimbia kwa majahazi vita vilipoizukia Somalia mwaka 1991.

Ugumu wa kesi zao hauonekani mpaka itazamwe ramani pamoja na tarehe. Wabajuni wanakaa visiwani Chovai, Chula na Koyama na katika mji wa Kismayu, na ndugu zao wanakaa Kiunga, Ndau na Faza upande wa Kenya. Mpaka unaowagawa ulitokana na kukabidhiwa kwa Jubaland kwa Waitalia mwaka 1925. Lugha yao ni ya kale kuliko mpaka huo. Msikilizaji akimsikia mtu anasema "mchu" badala ya "mtu", na "chachu" badala ya "tatu", ana sababu nzuri ya kufikiri kuwa ni Mbajuni. Lakini sauti hiyo peke yake haimwambii ni wa upande gani wa mpaka. Zaidi ya hayo, mtoto aliyekimbizwa kutoka Chula akakulia kambini karibu na Mombasa ataokota Kimvita na Kiswahili sanifu kwa wenzake. Akija kupimwa akiwa mtu mzima, usemi wake utaeleza alikokulia, hautakana alikozaliwa.

Kwa ajili ya hatari kama hizi wanaisimu 19 wa nchi mbalimbali walitoa mwongozo mwaka 2004, na vyama kadhaa vya wanaisimu vikauunga mkono. Mwongozo unasema kwamba uchambuzi wa lugha hauwezi kutegemewa kuthibitisha uraia. Unaloweza kuonyesha, tena kwa masharti, ni mahali mtu alipolelewa na kujifunza kusema. Unasema pia kuwa kuijua lugha kwa kuzaliwa nayo si sawa na kuwa na elimu ya kuichambua. Katika jambo hili vyama havikusema kwa kauli moja. Azimio la chama cha fonetiki la mwaka 2009 lilikubali msaada wa wasemaji asilia waliofunzwa, maadamu wanafanya kazi chini ya usimamizi wa mwanaisimu anayeijua lugha ile kwa kina. Ubishi huu una maana. Mwanaisimu asiyewahi kuishi na Wabajuni aweza kupitwa na tofauti ambayo mvuvi wa Faza huisikia mara moja. Na mvuvi naye aweza kumkataa jirani wa kisiwa cha pili kwa kuwa tu hasemi kama watu wa kwao. Kila mmoja anamhitaji mwenziwe.

Mahakama nazo zimeanza kuisimamia mipaka hiyo. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya watu wawili waliosema wametoka Somalia, ambao ripoti za lugha ziliwakataa. Majaji walisisitiza kuwa mchunguzi wa lugha abaki katika lugha. Asitoe maoni kama mwombaji anaijua nchi aliyoitaja au haijui, iwapo hana ujuzi uliothibitishwa wa jambo hilo.

Sasa tazama hali ya Kiswahili. Nyenzo hazikosekani kabisa. Kamusi ya Charles Sacleux ya mwaka 1939 imejaa maneno ya lahaja. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walitoa mwaka 1993 kitabu kikubwa juu ya historia ya Kiswahili na lugha nduguze za Sabaki, na Nurse ameandika pia juu ya Wabajuni na lugha yao. Chuo Kikuu cha Helsinki kina mkusanyo wa maneno milioni 25 ya Kiswahili. Lakini mkusanyo huo ni wa maandishi, kama magazeti na vitabu, ilhali mahakama huuliza juu ya usemi. Vyama vya Kiswahili vipo, kama vile CHAKITA na CHAUKIDU, lakini havikuundwa kwa kazi hii ya mahakamani.

Nyumbani nako haja inazidi. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Maelezo ya onyo yanayoandikwa kituoni yaweza sasa kufika mbele ya jaji katika lugha ileile yaliyotamkwa. Je, yameandikwa kwa maneno ya mshitakiwa, au ya askari? Msimulizi wa Kiswahili huanza na -li- kisha akaendelea na -ka-: "Nilifika, nikabisha, nikaingia." Akionekana mkulima asiyepata shule anasema, "Mnamo majira ya saa mbili usiku nilifika huko maeneo ya sokoni ambapo niliweza kuingia," msikilizaji hutia shaka. Lakini shaka si ushahidi. Hapana budi kwanza ijulikane maneno kama "mnamo majira ya" na "niliweza kuingia" hutokea mara ngapi katika usemi wa watu wa kawaida, na mara ngapi katika maandishi ya polisi. Bila ya hesabu hiyo, mtaalamu atakayeitwa mahakamani atakuwa anatoa dhana yake tu, na mshitakiwa atafungwa au kuachiliwa kwa dhana.

Kazi zinazohitajika zaelezeka kwa ufupi. Ya kwanza ni kurekodi usemi wa lahaja, hasa za mipakani kama Kibajuni, na kila rekodi iandikwe mahali, mwaka, umri wa msemaji na safari za maisha yake. Ya pili ni kukusanya, kwa idhini ya mahakama na kwa kufuta majina, maelezo yaliyoandikwa vituoni, ili yalinganishwe na masimulizi ya kawaida. Ya tatu ni kuunda jopo la wanaisimu wa Kiswahili lenye kanuni zake, ambalo hakimu wa Mombasa, wa Dar es Salaam au wa London aweza kuliuliza nani anafaa kuitwa, na katika jambo gani.

Kanuni ya kwanza ya jopo hilo haina haja ya kutafutwa mbali. Mtaalamu akiulizwa zaidi ya elimu yake, aseme waziwazi kwamba ushahidi wa lugha hautoshi, hata kama aliyemwita alitaka jibu jingine. Anayesubiri hukumu, kizimbani au katika ofisi ya wakimbizi, hana njia ya kuikosoa spektrogramu wala hesabu ya maneno. Kinga yake ni uaminifu wa yule anayeyaeleza mambo hayo kwa hakimu, na wenzake walio tayari kumkosoa.