Dawa ya maandishi yanayochezacheza katika Commodore 64

WAPENZI wa Commodore 64, kompyuta ya nyumbani iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1982, wangali wanaitumia kuwasiliana na mitambo mingine kwa modemu. Kero yao ni moja: kila mstari mpya unapoingia na mingine kupanda, maandishi huchezacheza na kuyachosha macho.

Skrini yenyewe haina hatia. Runinga huchora picha kutoka juu hadi chini mara 50 kwa sekunde, au 60 kwa mitambo ya Marekani. Kompyuta hii huonyesha mistari 25 yenye herufi 40 kila mmoja. Ili kuipandisha hatua moja, programu hulazimika kuhamisha herufi 960, pamoja na rangi 960 zinazohifadhiwa kando. Kazi hiyo ikianzishwa ovyo, mwale unaochora hukuta baadhi ya mistari imekwisha kupanda na mingine ingali ilipokuwa.

Wapo wanaoandaa ukurasa wa pili kumbukumbuni na kubadilishana kurasa kwa ghafla. Hila hiyo huziokoa herufi tu, kwani rangi zina makao mamoja yasiyohamishika.

Lililo bora, na lisilogharimu chochote, ni kusoma rejista 53266 inayotaja mwale ulipofika. Mstari wa kwanza wa maandishi ukishachorwa, programu ianze kuhamisha kutoka juu kwenda chini, kwa lugha ya mashine. BASIC ni kobe hapa. Mwale utatangulia, na kazi itakamilika kabla haujaifikia tena mistari ya chini.