Mlevi akizirai, hospitali kwanza au polisi?

NI usiku wa Jumamosi mtaani Kiamaiko, Nairobi. Soko la mbuzi limenyamaza, na katika chumba kimoja cha kupanga vijana watatu wa chuo wanamkodolea macho mwenzao aliyelala sakafuni. Amekuwa akinywa tangu jioni. Wakimwita haitiki, na pumzi zake zinakuja kwa kusitasita. Mmoja anataka waite bodaboda wampeleke hospitalini. Mwingine anauliza: je, tukikutana na polisi Juja Road? Je, chuo kikipata habari? Mwishowe wanaamua kumwacha alale hadi pombe imtoke.

Mfano huu tumeubuni, lakini uamuzi wa aina hiyo ndio unaoua. Aliyekunywa kupita kiasi huweza kuzidi kulewa hata akiwa usingizini, kwa kuwa pombe iliyo tumboni bado inaingia katika damu. Ubongo hulemewa, koo hushindwa kuzuia matapishi, na mgonjwa hupaliwa au pumzi hukatika.

Hofu ya vijana hao haikutoka hewani. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, maarufu kama Sheria ya Mututho, inampa polisi uwezo wa kumkamata bila waranti mtu aliyelewa chakari mahali pa umma. Adhabu yake ni faini isiyozidi Sh500, kifungo kisichozidi miezi mitatu, au vyote viwili.

Hata hivyo, Katiba ya mwaka uo huo, katika Kifungu cha 43, inasema kuwa hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 nayo inakifanya kuwa kosa kituo cha afya chenye uwezo kukataa kutoa matibabu hayo. Mlango wa hospitali basi uko wazi. Tatizo ni safari ya kuufikia.

Nchini Marekani, ambako umri wa kuruhusiwa kununua pombe ni miaka 21, vyuo viligundua mapema kwamba wanafunzi wengi huogopa kuita msaada. Mwaka wa 2002 Chuo Kikuu cha Cornell kilianzisha utaratibu unaoitwa msamaha wa kimatibabu. Mwanafunzi anayepiga simu, pamoja na yule aliyezidiwa, hawaadhibiwi na chuo kwa kosa la kunywa. Badala yake mgonjwa huketi na mshauri. Msamaha huo haugusi makosa mengine kama vile kupigana.

Kulikuwa na waliodai kuwa huko ni kuwapa vijana kibali cha kulewa. Watafiti wa chuo hicho waliripoti mwaka wa 2006 kwamba simu za kuomba msaada ziliongezeka, ilhali hawakuona dalili kuwa unywaji wenyewe ulizidi. Majimbo kadhaa baadaye yaliweka kinga kama hiyo katika sheria.

Jambo hili linatuhusu kuliko inavyodhaniwa. Leo mwanafunzi wa Kenya aliyetimiza miaka 18 havunji sheria kwa kunywa bia. Lakini sera ya kitaifa iliyozinduliwa Julai 2025 ilipendekeza umri huo upandishwe hadi 21. Huenda pendekezo hilo lina manufaa yake. Likiwa sheria, wengi wa wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa pili watakuwa wahalifu kila wanapoonja pombe. Kuiga umri wa Marekani bila kuiga msamaha uliolazimika kuufuata ni kuchukua dawa na kuacha maelezo ya kuitumia.

Tena sisi tuna balaa la ziada, nalo ni methanoli. Novemba 2000 pombe yenye sumu iliua watu zaidi ya 100 katika mitaa ya Mukuru, Nairobi. Wakati huo kupatikana na chang'aa kulikuwa hatia. Mnamo Aprili 2010 msiba ulifika Shauri Moyo, na Mei 2014 karibu watu 100 walifariki katika kaunti kadhaa.

Methanoli ina hila. Mnywaji anaweza kuamka akidhani ana uchovu wa pombe tu, kumbe mwili unaigeuza kuwa asidi inayoharibu mishipa ya macho. Dalili huweza kuchelewa saa 12 hadi 24: macho kuona ukungu, kutapika, tumbo kuuma na kuhema kwa nguvu. Hospitalini ipo dawa ya kuzuia mgeuko huo, na figo zaweza kusaidiwa kwa mashine kuisafisha damu, mradi mgonjwa afike mapema.

Kwa hivyo aliyezirai asiachwe peke yake. Mlaze kwa ubavu, si chali, ili matapishi yatoke. Usimmwagie maji baridi wala kumnywesha kahawa. Asipoamka ukimtikisa, ngozi ikipoa au pumzi ikipungua, mpeleke mara moja. Mweleze daktari bila kuficha alikunywa nini, wapi na saa ngapi, na kama kuna chupa iliyobaki, ibebe.