Kompyuta Ndogo za Nyumbani na Hesabu ya Msururu wa Basi

Usimamapo alfajiri katika kituo cha Mbagala Rangi Tatu, je, umepata kujiuliza ni mabasi mangapi yangetosha kuumaliza msururu ule? Wataalamu wa mipango nao huuliza hivyo. Njia yao mojawapo ya kujibu ni kuiga hali halisi kwa hesabu, yaani kuupanga msururu ndani ya kompyuta kabla ya kununua hata basi moja.

Tuseme kila dakika 10 hufika abiria 80, na basi moja huondoka na watu 60. Hubaki 20 kila mara, na baada ya saa moja wamebaki 120. Hadi hapo kalamu inatosha. Lakini mvua hunyesha na basi huharibika njiani. Hapo kompyuta hubahatisha kama mtu arushaye dadu, ikairudia asubuhi hiyo mara 100, na kuonyesha ni siku ngapi watu watachelewa kazini.

Kazi hiyo haidai mashine kubwa. Sinclair ZX Spectrum, iliyotolewa Uingereza mwaka 1982 kwa matumizi ya nyumbani, ilikuwa na kumbukumbu isiyozidi kilobaiti 48. Kioo chake kilikuwa televisheni, na ghala yake kanda ya kaseti. Hata hivyo, hesabu hii iliiweza. Kabla yake, mwaka 1979, Wamarekani Dan Bricklin na Bob Frankston walitoa programu ya VisiCalc kwa ajili ya Apple II. Mhasibu akibadili bei moja, jedwali zima hujikokotoa upya. Hivyo mashine ya nyumbani ikaingia ofisini.

Kwetu historia ilikwenda kwa njia nyingine. Hazina ilifunga kompyuta ya kwanza nchini mwaka 1965. Mradi wa kuweka hesabu za Serikali kwa mashine ulipokwenda mrama, uingizaji wa kompyuta ulipigwa marufuku mwaka 1974, na amri hiyo ililegezwa miaka ya 1980. Tanzania Bara nayo haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994. Si ajabu basi kwamba vijana wengi wa Kinondoni na Temeke wa wakati ule hawakuzigusa mashine hizi.

Mashine, iwe kubwa ya Hazina au ndogo ya sebuleni, hurudisha kile tu ilichopewa. Anayekisia idadi ya abiria akiwa ofisini atapata jibu nadhifu lisilo la kweli, na atakayelipa gharama yake ni mfanyakazi anayesubiri kituoni.

Kwa hiyo, mzazi, kama ipo kompyuta kuukuu stoo, usikimbilie kuiuza chuma chakavu. Mpe mwanao, lakini kwanza mkabidhi daftari, aende kituoni akahesabu watu. Kama kompyuta haipo, daftari hilo na dadu vyatosha kuanzia.