Majaribio ya tiba ya wasiwasi (3): Waliopangwa kundi la pili

Katika sehemu mbili zilizopita tulieleza ugonjwa wa wasiwasi ni nini, na kwa nini madaktari hawauhesabu kuwa udhaifu wa imani wala wa tabia. Leo tunafika kwenye jambo linalowakwaza wengi wanapoombwa kushiriki jaribio la tiba, nalo ni kura. Unaelezwa kwamba washiriki watagawanywa makundi mawili, kwamba si wewe wala daktari wako atakayechagua uende lipi, na kwamba kundi moja halitapewa tiba inayochunguzwa. Mtu ambaye usiku halali, moyo unamwenda mbio hata akiwa amekaa tu, amejikaza mpaka akafika kliniki, anaambiwa huenda asipate kile alichokifuata. Ana haki ya kuuliza kwa nini.

Jibu linaanzia kwenye tabia ya ugonjwa wenyewe. Wasiwasi hupanda na kushuka. Mgonjwa hutafuta msaada siku zile umemzidi, na kwa kuwa kilele hakidumu, wiki chache baadaye wengi huwa na nafuu kidogo hata kama hawakutibiwa. Ongeza hapo matumaini aliyoyapata kwa kuandikishwa, muuguzi anayempigia simu kumjulia hali, na mtu wa kumsikiliza kwa mara ya kwanza baada ya miaka ya kunyamaza. Katika majaribio ya dawa za wasiwasi si jambo geni kwa theluthi moja ya waliopewa kidonge kisicho na dawa ndani yake kueleza kwamba wamepata nafuu kubwa. Hawasemi uongo, nafuu wameipata kweli. Lakini mtafiti aliyewatibu watu mia moja bila kundi la kulinganisha hawezi kujua ni kiasi gani cha nafuu hiyo kimeletwa na tiba yake, na kiasi gani kingekuja hata bila yeye.

Mfano mzuri tunao hapa jirani. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Shamiri, lililoongozwa na Tom Osborn, Mkenya aliyesoma Chuo Kikuu cha Harvard, pamoja na wenzake. Walioshiriki ni wanafunzi 413 wa sekondari, wa umri wa miaka 13 hadi 18, kutoka Nairobi na Kiambu, ambao walikuwa na dalili za sonona au za wasiwasi zilizopita kiwango. Kura ikawagawa. Kundi la kwanza, la Shamiri, lilipata vikao vinne, kimoja kila wiki, kila kikao saa moja, wakizungumza juu ya uwezo wa mtu kubadilika, kushukuru, na mambo anayoyathamini maishani. Walioongoza vikao hawakuwa madaktari. Walikuwa vijana waliotoka sekondari muda mfupi tu uliopita, wakapewa mafunzo.

Na kundi la pili? Hapa ndipo ninapowasifu watafiti hawa. Hawakuwaacha wenzao wakae madarasani kungoja. Nao walipewa vikao vinne vya saa moja, vikiongozwa na vijana wa aina ileile, isipokuwa mazungumzo yalihusu mbinu za kusoma: namna ya kuandika dondoo, namna ya kupanga muda. Kwa hiyo makundi yote mawili yalipata kuketi pamoja, kusikilizwa na kaka au dada anayejali, na kutoka kidogo kwenye ratiba ya shule. Kilichotofautiana ni maudhui peke yake.

Wasiwasi wao ulipimwa kwa GAD-7, dodoso la maswali saba linalotoa alama kuanzia 0 hadi 21, ambalo kwa Kiswahili limeshafanyiwa uchunguzi wa ubora huko Kilifi. Makundi yote mawili yalipata nafuu. Wa Shamiri walipata zaidi, kwa sonona na kwa wasiwasi pia, na tofauti hiyo ilikuwa bado inaonekana miezi saba baadaye. Hebu ondoa kundi la pili kwenye habari hii. Nafuu yote ingepewa Shamiri, sifa isiyo yake ikichanganyika na iliyo yake, na wizara ya elimu ya nchi yoyote ingepokea hesabu iliyotiwa chumvi. Wanafunzi waliofundishwa kuandika dondoo ndio waliotuonyesha mpaka uko wapi.

Harare walifanya kwa namna nyingine. Daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alikuwa ameanzisha huduma ambamo bibi wa mtaani, mhudumu wa afya aliyefundishwa, huketi na mgonjwa kwenye benchi la mbao nje ya kliniki na kumsaidia kulitatua tatizo moja moja. Ilipofika wakati wa kuipima, kura haikupigwa kwa mtu mmoja mmoja bali kwa kliniki: 12 zikapewa benchi, nyingine 12 zikaendelea na huduma ya kawaida iliyoongezewa maelezo na msaada kuhusu ugonjwa. Sababu inaeleweka kwa yeyote anayeishi uswahilini. Majirani wawili wanaotibiwa kliniki moja husimuliana kila kitu, na mazungumzo ya bibi yangelifikia kundi la pili kabla ya jua kuzama.

Washiriki walikuwa 573. Baada ya miezi sita 521 kati yao walirudi kuhojiwa, na matokeo yakachapishwa Desemba 2016. Katika kipimo cha dalili chenye maswali 14, wale wa benchi walikuwa na wastani wa alama 3.81, na wale wa huduma ya kawaida 8.90. Kiwango cha kuingia katika utafiti kilikuwa alama 9. Maana yake, nusu mwaka baadaye watu wa kundi la pili walikuwa, kwa wastani, bado karibu na mlango walioingilia. Na bado walirudi kujibu maswali. Kila ninapoisoma taarifa ile mawazo yangu huwaendea wao kwanza, kwa sababu faida ya moja kwa moja waliyoipata ilikuwa ndogo, na bila wao benchi lingebaki kuwa wazo jema lisilo na ushahidi.

Ndiyo maana nasema mshiriki wa kundi la pili anadai mambo ambayo lazima ayapate. Kwanza, asipewe pungufu ya huduma ambayo angeipata kama asingejiandikisha. Hofu juu ya hili ina historia. Mwaka 1996, mlipuko wa homa ya uti wa mgongo ulipoikumba Kano, Nigeria, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa yake Trovan kwa watoto wapatao 200, nusu yao wakipewa dawa nyingine ya kulinganishia. Watoto 11 kwa jumla walifariki katika makundi hayo mawili. Familia zilidai kwamba hazikuelezwa kuwa ule ni utafiti, na kwamba dawa ya kulinganishia ilitolewa kwa dozi ndogo kuliko ilivyopasa. Kampuni ilikanusha, na mwaka 2009 ikakubaliana na serikali ya jimbo la Kano kulipa dola milioni 75. Angalia madai hayo yalielekea wapi: sehemu yake yalihusu dawa mpya, sehemu yalihusu kile walichopewa wa upande wa pili. Kwa hiyo ukisomewa fomu, usiulize juu ya tiba mpya tu. Uliza, "Na nikiangukia kundi lile lingine, nitapewa nini, na nani ataniangalia nikizidiwa?" Jibu likiwa la kubabaisha, nenda nyumbani kwanza.

Mgonjwa wa wasiwasi ana mzigo wa ziada katika kuuliza huko. Ugonjwa wake humfanya aogope kuudhi. Aliye mbele yake ni daktari aliyevaa koti jeupe, pengine huyohuyo anayemwandikia dawa kila mwezi, au ni mwalimu mkuu, ikiwa utafiti uko shuleni. Atatikisa kichwa ili shinikizo la kukaa pale liishe. Ridhaa ya namna hiyo ina sahihi lakini haina hiari. Mtafiti mwangalifu hampi mgonjwa fomu na kalamu kwa wakati mmoja. Humpa fomu ya Kiswahili aende nayo, amwonyeshe mkewe au mumewe au kaka yake, arudi siku nyingine. Asiyejua kusoma husomewa mbele ya shahidi asiye wa timu ya utafiti, kisha ndipo aweke dole gumba. Akikataa, au akikubali kisha akajitoa katikati, matibabu yake ya kawaida hayaguswi.

Kuna hatari moja inayowahusu hasa wenye ugonjwa huu, nami sitaki ipite kimya. Majaribio mengine huwakataa watu wanaotumia dawa za kutuliza, kama diazepamu, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Valium. Mtu anayetamani kuandikishwa anaweza kuziacha ghafla ili afuzu. Asifanye hivyo kamwe. Aliyezitumia kwa muda mrefu akizikatisha kwa mara moja wasiwasi humrudia kwa nguvu kuliko mwanzo, na anaweza kupata degedege. Dawa hizi hupunguzwa kidogokidogo, kwa wiki au miezi, chini ya daktari anayemjua. Na kama timu ya utafiti yenyewe inataka aziache, mpango wa kuzipunguza uwe umeandikwa ndani ya fomu, pamoja na namba ya simu inayopokelewa hata usiku.

Kwa Tanzania, utafiti wa tiba hupitia kamati ya maadili ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na wa dawa huhitaji pia kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Namba ya kibali inapaswa kuwa kwenye fomu. Ipo pia daftari ya majaribio ya Afrika nzima, PACTR, inayotunzwa Cape Town na iliyo wazi kwa yeyote mwenye intaneti.

Limebaki deni moja ambalo husahaulika mara tu takwimu zinapokamilika. Azimio la Helsinki, lililotolewa na Chama cha Madaktari Duniani mwaka 1964 na kurekebishwa mara kadhaa tangu hapo, linataka mipango ifanywe kabla ya jaribio kuanza, ili washiriki wanaoendelea kuihitaji tiba iliyothibitika waweze kuipata baadaye. Waliopangwa kundi la pili ndio wa kwanza katika foleni hiyo. Harare benchi halikubaki kwenye kliniki 12 zilizopendelewa na kura. Liliendelea kusambazwa hadi kliniki zaidi ya 70 za mji huo na miji mingine ya Zimbabwe, na wazo lake limefika Zanzibar. Nani hulipia usambazaji wa namna hiyo baada ya fedha za utafiti kwisha, na serikali zetu zimefika wapi, ndiyo mada ya sehemu ya nne.