Injini inachemsha, rejeta ya baridi: anzia wapi?

Madereva wa malori wanaotoka Mtwara kwenda Mueda au Mocímboa da Praia kupitia Daraja la Umoja, lililofunguliwa mwaka 2010, wanashauriwa kukagua rejeta kabla ya kuvuka Ruvuma. Kaskazini mwa Cabo Delgado, ambako mashambulizi yalianza Oktoba 2017, kukwama porini ni hatari kwa maisha, si hasara ya mzigo tu.

Geji ikipanda, simama na uzime injini. Usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto, kwani maji yenye presha huruka na kuunguza. Sogeza kiganja karibu na rejeta, kisha pima:

1. Rejeta yote ni baridi: maji hayazunguki. Yamepungua, themostati imegoma kufunguka, au pampu ya maji imekufa.

2. Ina mabaka ya baridi: njia za ndani zimeziba kwa kutu na chumvi. Inahitaji kuzibuliwa na fundi.

3. Yote ni ya moto: maji yanazunguka, ila upepo hautoshi. Angalia mkanda wa feni, na vumbi au nyasi zilizoganda usoni mwa rejeta.

Ongeza maji injini ikishapoa. Maji baridi kwenye injini ya moto huweza kupasua silinda hedi. Aidha, beba maji safi kutoka nyumbani. Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvi, na chumvi hiyo ndiyo inayoziba rejeta safari ijayo.