Profesa na Pantoni

Wajukuu, sogeeni kivulini. Pantoni ndiyo kwanza inaondoka Kigamboni; mpaka ifike huku Magogoni, hadithi moja itakuwa imekwisha.

Mnamsikia yule dalali wa samaki pale Feri? "Elfu kumi! Kumi na mbili! Nani anaongeza?" Hahesabu mizani wala hatafuti vina, lakini sauti yake inapanda na kushuka mpaka mguu unataka kuifuata. Shuleni mmefundishwa kuhesabu kwa vidole: mizani nane, pumzi, nane tena, mishororo minne, ubeti umetimia. Ni ufundi wa mabingwa huo, nisisikie mtu akiudharau.

Ila alikuwepo Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, kisiwani Ukerewe, mwaka 1944. Alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha akafundisha fasihi hapo hapo. Mwaka 1974 akatoa diwani ya Kichomi, ndani yake mashairi yasiyo na vina wala mizani. Palichimbika! Wanamapokeo wakasema hayo si mashairi, ni kuiga Wazungu. Mwenyewe alitaka ushairi useme kwa lugha ya mazungumzo ya kila siku. Kama ya dalali, naongeza mimi.

Baadaye akaenda kusoma Marekani, Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, akapata udaktari mwaka 1985. Nchi hiyo ndiyo ya Walt Whitman, ambaye mwaka 1855 alichapisha kwa fedha zake mwenyewe kitabu cha mashairi marefu yasiyo na vina. Na mnajua Whitman alipenda nini? Kivuko! Alitunga shairi zima juu ya feri ya Brooklyn, akiwasemesha watu watakaovuka miaka mingi baada yake. Yaani nyinyi, na mifuko yenu ya dagaa.

"Babu, profesa analipwa kwa kusoma mashairi tu?"

Analipwa, naye anatoka jasho. Mstari mmoja anausoma mara kumi, halafu anaupeleka darasani wanafunzi wamshike shati: kwa nini neno hili, si lile? Usiku anasahihisha karatasi zao. Kezilahabi aliifanya kazi hiyo Dar es Salaam, kisha Chuo Kikuu cha Botswana, huku akiandika mashairi na riwaya. Umauti ulimfika Januari 2020.

Haya, geti linafunguliwa. Msikimbie! Wewe mkubwa, mshike mdogo wako mkono, na muwapishe wenye mikokoteni kwanza.