Tongoni haihitaji saruji

Mafundi wengi wa Muheza wakiona ufa kwenye ukuta wa zamani, wanaagiza mfuko wa saruji. Kwenye nyumba ya matofali hilo halina neno. Kwenye msikiti wa Tongoni, kusini mwa jiji la Tanga kando ya barabara ya Pangani, saruji ni sumu.

Kuta zile zilijengwa karne ya 14 au 15 kwa mawe ya matumbawe na chokaa, nayo chokaa ilitokana na matumbawe hayohayo yaliyochomwa juu ya magogo na kuzimwa kwa maji. Ukuta wa namna hii hupumua. Unyevu wa ardhi na chumvi ya bahari hupanda ndani yake na kutokea kwenye lipu laini. Lipu ndiyo inayoumia, na lipu hubadilishwa. Ukiuziba ukuta kwa saruji, maji yanakosa pa kutokea, chumvi inaganda ndani na kutanuka, na kinachopasuka ni tumbawe lenyewe. Saruji ikija kubanduka, unakuta imeng'oka na uso wa jiwe mgongoni mwake.

Lipu inabeba historia pia. Hagia Sophia ya Istanbul ilikamilika mwaka 537 ikiwa kanisa, ikawa msikiti mwaka 1453, makumbusho katika miaka ya 1930, na msikiti tena mwaka 2020. Picha zake za vijiwe vya rangi zilifunikwa kwa lipu, na nyingi zilisalimika kwa sababu hiyo. Ndugu wawili wa Fossati, kutoka Uswisi, walizifunua kati ya 1847 na 1849, wakazichora, wakazifunika upya. Kundi la Thomas Whittemore lilianza kuzifunua tena mwaka 1931. Mtihani ulikuwa huu: kila kipande cha picha ya Kikristo kilichofunuliwa kiliondoa lipu ya Waosmani, ambayo nayo ni ushahidi. Kwenye kuba kuu, maandishi ya Kiarabu ya karne ya 19 yaliachwa yalipo. Naona waliamua sawasawa.

Tongoni mtihani ni uleule kwa sura nyingine. Kuuzunguka msikiti kuna makaburi yapatayo 40, mengine yenye nguzo. Kwenye lipu ya baadhi yake utaona vishimo vya mviringo, vina vidogo, kingo zake bado zimekatwa vizuri: humo yalipachikwa mabakuli ya kauri kutoka ng'ambo, yakang'olewa baadaye. Kuna wanaotaka vishimo vijazwe mabakuli mapya ya dukani ili wageni wapendezwe. Mimi nakataa kabisa. Kishimo kitupu kinasema kweli kuhusu kilichokuwapo na kuhusu wizi. Bakuli jipya linasema uongo juu ya kaburi la mtu. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayalinda makaburi haya, na watu bado wanafika hapo kuomba dua, kwa hiyo wazee wa Tongoni washirikishwe kabla fundi hajashika mwiko.

Chokaa itoke wapi? Si baharini, matumbawe hai yaachwe. Mwamba wa chokaa tunao Amboni na Pongwe, njiani kuja Muheza. Mwamba huo ukichanganywa na udongo na kuchomwa kwa nyuzijoto 1,450 hivi hutoa saruji. Ukichomwa peke yake kwa 900 hutoa chokaa inayoifaa Tongoni.